Mvumbuzi Maskini, Wakili wa Bure na Mizani Tunayotumia

Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inaitaka ofisi ya hataza (haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) ya nchi hiyo, USPTO, ishirikiane na vyama vya wanasheria ili wavumbuzi wa kipato cha chini wapate mawakili wa kujitolea. Kazi ilianzia Minnesota mwaka huohuo, na baadaye majimbo yote 50 yakafikiwa. Wazo la kichwani tu halitoshi: mvumbuzi aonyeshe kipato chake ni kidogo, awe anaufahamu mfumo wa hataza, na aweze kueleza kitu chake kinavyofanya kazi. Akikubaliwa, wakili halipwi. Ada za ofisi analipa mwenyewe, ingawa kwa mtu wa hali yake nyingi hupunguzwa kwa asilimia 80.

Wanaoutilia shaka mpango huu wana hoja nzito. Hataza, wanasema, inakupa haki ya kumzuia mwingine asitengeneze wala kuuza kitu chako kwa miaka 20, lakini wa kumzuia ni wewe, mahakamani, kwa fedha zako. Robert Kearns, aliyevumbua waipa za gari zinazofuta na kupumzika, alikuwa na hataza mkononi alipozishitaki Ford na Chrysler. Alilipwa mamilioni ya dola, ila baada ya miaka mingi ya kesi, na ndoa yake ilivunjika kabla hajaona senti. Kwa kawaida wakili wa kujitolea anaishia pale hataza inapotolewa. Kesi haimo katika msaada wake, wala ada za kuifanya hataza iendelee kuwa hai. Basi kwa nini umpe mtu karatasi asiyoweza kuitetea? Si bora apewe mtaji?

Swali ni halali. Lakini linamwona wakili kama tarishi wa kuleta karatasi, na hapo ndipo naona anakosewa.

Chukua fundi wa Minnesota aliyebuni koleo la theluji lenye springi kwenye mpini, ili mgongo usiumie. Akijiandikia ombi, atataja alichokiunda: springi ya chuma, skrubu mbili, kishikio cha mbao. Kila neno ni kweli, na kila neno linambana. Hataza hulinda yale madai yaliyoandikwa mwishoni mwa ombi, yaani sentensi zinazotaja mipaka ya kinachodaiwa, basi. Jirani akiifunga springi hiyohiyo kwa ribiti kwenye kishikio cha plastiki, ameshatoka nje ya uzio. Wakili angemuuliza: lazima iwe springi? Mpira mgumu haufanyi kazi ileile? Angeandika "kiungo kinachonyumbuka kati ya mpini na kishikio", kisha springi, skrubu na mbao vifuate katika madai mengine, pa kurudi endapo mkaguzi wa ofisi ya hataza atalikataa lile la kwanza. Maneno hayo saba ndiyo ujuzi wenyewe. Fundi hodari kuyakosa si aibu, kama ilivyo kwa wakili asiyejua kuchomelea.

Kuna takwimu hainitoki kichwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha maombi ya Marekani ya wenye wakili na ya waliojiandikia. Ya waliojiandikia, takribani robo tatu yalitelekezwa. Ya wenye wakili, takribani theluthi. Nakubali kulinganisha huku kuna kasoro: mwenye uwezo wa kumlipa wakili huenda ana uvumbuzi imara zaidi, au ana kampuni nyuma yake. Lakini tazama neno lenyewe, kutelekezwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba mkaguzi aliandika barua na haikujibiwa ndani ya muda. Na barua ya kwanza ya mkaguzi kwa kawaida hukataa. Kwa wakili, huo ni mwanzo wa mazungumzo: anapunguza dai hapa, anabishana pale, anarudisha majibu. Mtu aliye peke yake mezani usiku anasoma "madai yote yamekataliwa", anaikunja barua, anaitia kwenye droo. Hapo hajashindwa na ubora wa uvumbuzi wa mtu mwingine. Ameshindwa na desturi ya ofisi ambayo hakuna aliyemweleza.

Na ukimwondoa wakili wa bure, nafasi yake haibaki tupu. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki kampuni ya World Patent Marketing, iliyojinadi kuwasaidia wavumbuzi kupata hataza na soko, mwaka 2017 kwa madai ya kuwahadaa maelfu ya wavumbuzi na kuwachukulia mamilioni ya dola. Mwaka 2018 ikapigwa marufuku kufanya biashara hiyo. Wakili asiyetafuta ada yako anaweza kukuambia kitu chako kilishavumbuliwa zamani, tunza akiba yako. Ushauri huo hauzai hataza hata moja, na katika hesabu za wakosoaji hauonekani kabisa.

Halafu kuna suala la nani anayeingia. Mwaka 2019 wanawake walikuwa takribani asilimia 13 ya wavumbuzi waliopata hataza Marekani. Miongoni mwa wanaoomba msaada huu, kwa takwimu za USPTO, wanazidi asilimia 40.

Wakosoaji wako sahihi kuhusu pale msaada unapokatikia, na dawa yake ni kuurefusha: wakili abaki hadi mkataba wa kwanza wa leseni, kwa sababu mafundi wengi watakachokihitaji ni kumkodisha mwenye kiwanda haki yao, si kumpeleka mahakamani.

Kwetu hili si la mbali. Kenya imo katika mpango kama huo wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, pamoja na Afrika Kusini, Colombia na Ufilipino. Fundi wa jua kali pale Kamukunji huonyesha mashine yake kwenye maonyesho kwanza, afikirie hataza baadaye. Katika nchi za Ulaya, kuionyesha hadharani kabla ya kuwasilisha ombi kwa kawaida kunatosha kumpotezea haki. Wakili angemwambia hilo katika dakika kumi za mwanzo, kabla turubai halijafunuliwa.