Injini za plazma: je, chumba cha ombwe husema kweli?

Injini ya Hall, injini ya umeme inayosukuma vyombo vya angani kwa plazma (gesi yenye chaji), ikiwashwa ndani ya chumba cha ombwe, yaani kilichonyonywa hewa, utaona pete ya mwanga wa samawati, basi. Gesi ya zenoni huingia kwenye mfereji wa kauri, elektroni zilizonaswa na sumaku huigonga na kuigeuza ioni, yaani atomi zenye chaji, kisha volti 300 hivi huzirusha ioni nje. Msukumo wake ni kiduchu: SMART-1, chombo ambacho Ulaya ilikituma mwezini mwaka 2003, kilisukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa gramu saba hivi. Ndiyo maana injini hizi huwashwa maelfu ya saa, na ubishi huanzia hapo: uhai wake tunaupima duniani, ilhali kazi yake iko angani.

Wenye shaka na vipimo vya chumbani wana hoja nzito. Pampu hazimalizi gesi yote chumbani. Masalia hurudi injinini, msukumo ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kuta za chuma huzipa elektroni njia ya mkato ambayo angani haipo. Hata mkondo wa umeme, unaopanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde kama kifua kinachohema, hubadilika shinikizo la chumba likibadilika. Lakini mchokozi hasa ni kaboni. Ioni hugonga vigae vya grafaiti ukutani, vumbi lake likaja kuganda juu ya injini. Unadhani unapima kauri inavyolika kwa kugongwa na ioni, kumbe umeshaipaka rangi.

Hata hivyo, chumba hichohicho ndicho kilichotufumbua macho. BPT-4000, injini ya Hall ya Marekani, ilijaribiwa zaidi ya saa 10,000, na baada ya saa 5,600 hivi kuta zikaacha kulika. Mwenye shaka angeisingizia kaboni. Wataalamu wa JPL, maabara ya NASA, walikuta sababu nyingine: kauri ilikuwa imelika hadi kufikia umbo ambalo sumaku inaikinga na ioni. Siku hizi kuna injini zinazochongwa hivyo tangu kiwandani. Tena mwaka 2010, injini kuu ya setelaiti ya AEHF-1 ilipogoma, BPT-4000 zilisaidiana na injini ndogo za haidrazini, fueli ya kemikali, kuifikisha kwenye obiti yake, safari ya miezi 14.

Mimi nakiamini chumba kinaponionyesha sababu; kinaponipa idadi ya saa, nasita. Kwenye injini zilizokingwa, ulaji umehamia kwenye vifuniko vya ncha za sumaku, nao ni mdogo kiasi kwamba utando wa kaboni waweza kuufunika. Badala ya kurundika saa kwenye shinikizo moja, ningependa injini hiyohiyo ipimwe kwenye shinikizo kadhaa, tuone vipimo vinaelekea wapi gesi ya chumbani inapokaribia sifuri.