Kabla ya kuilaumu Box2D, angalia mita zako

Mpira wa gemu ukidondoka polepole kama unyoya, lawama huiangukia maktaba ya fizikia, yaani msimbo uliokwisha andikwa wa kukokotoa mwendo na migongano. Kwa maktaba ya Box2D ya Erin Catto, naona lawama hizo nyingi hazina haki: kosa liko kwenye vizio.

Box2D huhesabu kwa mita, kilo na sekunde, na imeandaliwa kwa magimba (vitu vya gemu, kama mpira au sanduku) yanayotembea yenye ukubwa wa mita 0.1 hadi 10. Sasa mtu anaipa pikseli kana kwamba ni mita. Skrini ya pikseli 720 inageuka mnara wa mita 720, na kwa mvutano wa chini (graviti) wa 10 mpira unatumia sekunde 12 kufika chini. Anapandisha mvutano hadi 500. Bado! Katika toleo la 2, gimba haliruhusiwi kusogea zaidi ya mita 2 kwa hatua moja ya ukokotoaji. Kwa hatua 60 kwa sekunde, kikomo ni mita 120 kwa sekunde, kwa hiyo zile 720 haziishi chini ya sekunde 6 hata uuazime mvutano wa Jua.

Chagua kipimo, tuseme pikseli 50 kwa mita. Gawanya unapoingiza, zidisha wakati wa kuchora tu. Mvutano uache kwenye 10. Mpira uleule utashuka kwa sekunde 1.7.

Kosa linalofuata ni kuipa Box2D muda wa fremu (kila picha inayochorwa kwenye skrini) kama ulivyo, uwe urefu wa hatua. Simu ikikwama kidogo, hatua inarefuka na masanduku yaliyopangwa yanaanza kutetemeka. Limbikiza muda uliopita, kisha piga hatua za 1/60 ya sekunde hadi ubaki muda usiotosha hatua moja. Weka pia kikomo cha limbikizo, mathalani sekunde 0.25, bila hicho, simu dhaifu itadaiwa hatua nyingi kuliko inazoweza kulipa, na deni litakua kila fremu.

Uzito nao una mipaka: gimba zito juu ya jepesi huanza kuyumba uwiano ukipita 10 kwa 1, na kuongeza marudio ya ukokotoaji hupunguza tu tatizo.

Na kama programu inaanguka kila risasi inapogusa adui, huenda unafuta gimba ndani ya kitendaji cha mgusano (msimbo wako ambao Box2D huuita magimba yanapogusana), wakati ulimwengu wa fizikia bado umefungwa, yaani haukubali mabadiliko katikati ya hatua. Liweke kwenye orodha, ulifute hatua ikishakamilika.