Nani kasema mpaka mfupa?

Mpwa wangu wa darasa la sita kaambiwa shuleni kwamba mdudu hawezi kuwa kisukuku, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa katika mwamba, kwa sababu hana mfupa. Limeniuma hilo, na nikiandika hapa bado linaniuma.

Jumamosi nikampeleka Hombolo, hapa Dodoma, kando ya bwawa. Mvua ilikuwa imekatika, kumbikumbi wametapakaa ukingoni. Nikabandua bawa moja kwenye tope lililoanza kukauka. Chini yake ikabaki chapa, mpaka vile vishipa vyembamba vinahesabika. "Mjomba, limejichora!" akasema.

Ya Hombolo haidumu. Jua litaipasua, ng'ombe wataikanyaga. Lakini katikati ya ziwa lenye kina, lililotulia, habari ni nyingine. Mdudu akianguka majini huelea kwanza. Asipoliwa na samaki, akazama hadi chini kusiko na oksijeni, hakuna wa kumtafuna wala wa kumfukua. Utando wa mwani unamfunika. Tope laini au jivu la volkano linamshukia, tabaka jembamba juu ya jingine, mpaka anabanwa na kubaki alama nyeusi ya kaboni ndani ya jiwe. Gamba lake gumu ndilo linalohimili, na mbawakawa, wenye gamba gumu zaidi, huonekana sana. Haya, wengi huoza, nakubali. Wengi si wote.

Kule Florissant, Colorado, Marekani, mashapo ya ziwa (tope lililotuama chini na kugeuka jiwe) yenye miaka milioni 34 yametoa mbung'o. Mbung'o! Huyu huyu anayetutesea ng'ombe, ambaye leo tunamjua kuwa mdudu wa Afrika, aliwahi kuruka Marekani. Mfupa gani ungetuambia hilo? Ni tope la ziwa lililomtunza, bawa na mrija wake wa kunyonyea damu.

Na hapa jirani, mkoani Singida, tuna Mahenge (si ile ya Morogoro). Lilikuwa ziwa ndani ya kasoko, shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, miaka milioni 46 hivi iliyopita. Mashapo yake yametoa majani, popo, na samaki wa ukoo wa perege. Watoto wetu wanaijua Olduvai, na ni haki yao. Mahenge hawajawahi kuisikia, na ni mkoa wa jirani tu kutoka mlangoni kwao.

Kipande cha tope tumekiweka dirishani. Kimepata ufa, ila bawa linasomeka. Jumatatu anakwenda nacho darasani, ndani ya kiberiti.