Jua la Mombasa na ugonjwa wa MS: ni kinga kiasi gani?

Jirani yetu wa Majengo alianza kuona ukungu kwenye jicho moja akiwa na miaka 26. Baadaye mkono wa kulia ukaingia ganzi, vikombe vikawa vinamponyoka. Alisomewa, akanyweshwa kombe, akaambiwa ni upepo mbaya. Alipokwenda hospitali na kuuliza kama si ule ugonjwa wa neva aliousoma kwenye simu, daktari alimjibu kuwa huo ni wa Wazungu, wa nchi za baridi. Miaka mitatu ikapita kabla ya picha ya MRI kuonyesha makovu kwenye ubongo. Ulikuwa huo huo: maltipo sklerosisi, au MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando unaozifunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho.

Kauli ya daktari yule si ya kutupwa yote. Watu wapatao milioni 2.9 duniani wanaishi na MS, na kwa jumla idadi hupanda kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini yake. Jua huifanya ngozi itengeneze vitamini D, na mwaka 2006 watafiti waliopima damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani waliona kuwa Wazungu waliokuwa na vitamini hiyo kwa wingi waliugua kwa nadra zaidi. Kwa wanajeshi weusi uhusiano huo haukuonekana. Jambo hilo husahaulika kila hoja ya jua inapoletwa barazani.

Binafsi naona hoja ya kirusi ina nguvu kuliko ya jua. Mwaka 2022 utafiti wa wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulionyesha kuwa hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kiligunduliwa London mwaka 1964, kwenye uvimbe wa saratani uliotoka kwa watoto wa hapo jirani, Uganda. Karibu kila mtu mzima duniani anacho. Tofauti ni wakati wa kukipata. Huku kwetu mtoto hukipata mapema, kwa mate, katika nyumba ambamo kijiko kimoja kinalisha watatu, na kwa kawaida kinapita kimya kimya. Kwenye nchi tajiri wengi hukipata ujanani, wakalala na homa na mitoki shingoni, na waliougua hivyo hatari yao ya MS huwa kama maradufu. Huenda basi kinachotukinga ni msongamano wa utotoni kuliko jua lenyewe.

Lakini kinga ya namna hiyo hairithiwi kwa damu. Utafiti uliofanywa kusini mwa California, ukachapishwa mwaka 2013, uliwakuta wanawake weusi wakipata MS kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wa Kizungu. Uingereza, watoto wa wahamiaji kutoka Karibea waliozaliwa huko walionekana kuwa na hatari inayokaribia ya Waingereza wenyewe, tofauti na wazazi wao. Kuwait na Iran nako jua si la kuazima, na wagonjwa wameongezeka kwa miongo. Wapo wanaokimbilia kulilaumu buibui, kwamba linaizuia ngozi kupata jua. Sikubaliani nao: wanawake huugua mara mbili au tatu zaidi ya wanaume hata Ulaya, ambako wanawake wengi hawavai buibui.

Na maisha ya Mombasa yanabadilika. Watoto wa fleti za Nyali na Bamburi hawachezi mchangani kama tulivyocheza sisi. Wako ndani na simu, na chipsi mkononi. Unene mkubwa wa ujanani huifanya hatari ya MS kuwa kama maradufu. Sigara huiongeza kwa takriban nusu, na moshi wa kuvuta kwa mwenzako nao umo. Tafiti za Uswidi zilikuta kuwa watumiaji wa tumbaku ya kuweka mdomoni hawakupatwa na ongezeko hilo, kwa hiyo inaelekea mlango ni mapafu yanayounguzwa na moshi. Kwa nini basi tunaizungumzia shisha, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017, kana kwamba ni mvuke wa matunda? Ni tumbaku inayochomwa, na wanaoivuta ni vijana, walio kwenye umri ule ule wa hatari.

Hata uchache wa wagonjwa wetu ninauhesabu kwa tahadhari. Madaktari bingwa wa neva nchini ni wachache, na bei ya MRI humshinda mfanyakazi wa kawaida. Asiyepimwa hahesabiwi.

Lakini naogopa pia upande wa pili, wa kumgeuzia mgonjwa mashtaka: ulikula nini, ulivuta nini. Hatari ndogo ikiongezeka maradufu bado ni ndogo. Wavutaji wengi hawatapata MS kamwe. Jirani yetu hajawahi kushika sigara, na hajawahi kuwa mnene. Takwimu hizi zinamfaa kijana ambaye bado ana la kubadilisha. Yeye hazimfai kitu.

Ushauri anaopewa zaidi sasa ni kwamba aote jua, apate vitamini. Wanamwambia kwa mapenzi. Ila neva zilizovuliwa utando hupitisha ujumbe kwa shida mwili ukipata joto, na kaskazi ya Februari inapochacha lile jicho lake hurudi kwenye ukungu. Mchana hukaa mbele ya feni, leso iliyoloweshwa maji shingoni, akingoja saa kumi na moja ndipo atoke kwenda dukani.