Changu wa Darajani na Takwimu za Mikoa

Naandika haya mguu wangu wa kushoto ukiwa ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, na kanzu yangu nyeupe, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Ijumaa, ikiwa imetundikwa uani na alama ya gurudumu la vespa iliyonyooka kama mstari wa rula. Sikulazwa wala sikushonwa, kwa hiyo wale ambao wameshaanza kuchangishana wazirejeshe fedha za watu. Mguu haukunikera sana. Lililonikera ni kwamba jana usiku nilikesha barazani nikizitetea takwimu za ajali za barabarani kama mtu anayetetea mirathi ya mamaye, na asubuhi yake nikapata ajali ambayo haitaingia katika takwimu yoyote duniani.

Chanzo ni mpwa wangu aliyeko Boston, ambaye alituletea ujumbe wa sauti wa dakika saba, akizungumza kama aliyevumbua dawa ya malaria. Alieleza kwamba huko Marekani watu huyapanga majimbo kwa idadi ya wanaokufa barabarani katika kila wakaazi laki moja, kisha huitandaza ramani ya uchaguzi pembeni na kuanza kudharauliana. Mississippi, ambako hushinda chama cha Republican, kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yenye vifo vingi zaidi kwa kipimo hicho, na Massachusetts anakoishi yeye, ambako hushinda chama cha Democratic, imekuwa miongoni mwa yenye vifo vichache zaidi. “Kwa hiyo, mjomba,” alimalizia kijana huyo, ambaye leseni yake ya Zanzibar niliilipia mimi na ambaye aliugonga mwembe siku ya tatu tangu aipate, “sisi huku ni watu wastaarabu.”

Maalim, ambaye alisomesha hesabu hadi alipostaafu na ambaye husoma kila kitu, pamoja na karatasi zilizofungiwa njugu, aliomba ujumbe huo urejewe. Akasema kwamba mjini Boston foleni ni ndefu, na gari linalokwenda mwendo wa punda haliui mtu, ilhali Mississippi barabara nyingi ni za mashamba, magari yanakwenda mbio na hospitali iko mbali. Katika Marekani nzima, kati ya watu watano ni mmoja tu aishiye mashambani, lakini barabara za huko huchukua kama vifo viwili katika kila vitano. Tena liko jimbo la New Hampshire, ambalo ndilo pekee ambako sheria haimlazimishi mtu mzima kufunga mkanda, na ambako vibao vya magari vimeandikwa maneno yenye maana ya “Ishi huru au ufe”. Jimbo hilo, licha ya ujasiri wake, lina vifo vilivyo chini ya wastani wa nchi, na tangu mwaka 2004 limekuwa likiwapa kura wagombea urais wa chama kile kile cha wastaarabu wa mpwa wangu.

Kwa watu wenye akili zao, nadharia hiyo ingezikwa hapo hapo. Kwa bahati mbaya muuza kahawa alikuwa anasikiliza, naye, huku akigonganisha vikombe vyake, akauliza: “Na sisi je?”

Sisi tunazo zetu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, hapa Zanzibar, hutoa takwimu za ajali mwezi kwa mwezi na mkoa kwa mkoa, na Mkoa wa Mjini Magharibi umezoea kukaa juu ya jedwali hilo kama bwana harusi juu ya zulia, wakati mikoa miwili ya Pemba hukaa chini kwa utulivu. Mzee wetu wa Wete, Pemba, ambaye amejenga Ng'ambo hapa mjini, ameoa Ng'ambo na bado akisema “kwetu” huashiria baharini, alitabasamu, akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari, akasema kwa upole wa kuudhi: “Mimi sisemi kitu, yakhe. Kwetu watu wana adabu tu.”

Kwa kuwa Pemba kwa miaka mingi ilikuwa ngome ya upinzani, neno hilo “adabu” lilikuwa limebeba sanduku zima la kura, na hakuna aliyekuwapo ambaye hakulisikia likitikisika. Kinyozi akainuka na kusema kwamba adabu ya barabara tupu haihesabiwi. Maalim akajaribu kutuliza kwa sensa ya mwaka 2022, kwamba kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar, watu 893,169 wamo Mjini Magharibi peke yake na Pemba yote ina watu 543,441, kwa hiyo haifai kulinganisha sinia na kisahani, lakini hakuna aliyemsikiliza. Sisi ni watu ambao katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar wa mwaka 1995 tuliambiwa kwamba mgombea mmoja amepata asilimia 50.2 na mwenziwe asilimia 49.8, na nukta ile tumeitafuna miaka yote hii bila kuimeza. Mtu mwenye busara haleti desimali barazani. Mimi nami, badala ya kwenda kulala, nilisimama na kutangaza kwamba namba hazisemi uongo, kwamba mkoa wenye ajali nyingi ndio wenye madereva wabaya, na kwamba niko tayari kuliambia hilo jukwaa lolote.

Leo saa mbili na robo asubuhi nilikuwa sokoni Darajani na kikapu changu cha ukili, ndani yake wamelala samaki watatu aina ya changu, kwa sababu wageni ni watatu. Nilisimama kwenye kivuko cha milia kama raia anayejua haki zake. Gari la abiria likasimama. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, kwa sababu katika umri wangu huu sijapata kuona gari la abiria likimsimamia mtu avuke, na hakika lilikuwa limemwona abiria ng'ambo ya pili. Mimi nikalipungia mkono wa shukrani, nikakanyaga mlia wa kwanza, wa pili, na katika mlia wa tatu ikachomoza vespa kutoka ubavuni mwa gari hilo, ikanigonga kifundo cha mguu, ikanipigia muhuri kanzuni, na kikapu kikaruka. Changu wawili walibaki ndani. Wa tatu aliteleza juu ya lami, akageuka, akatutazama sote kwa jicho moja, na gurudumu la nyuma likampitia katikati.

Aliyeendesha ni kijana wa miaka ishirini hivi, helmeti kaivalisha kiwiko, na nyuma yake amempakia bibi mwenye buibui aliyekaa upande, na pakacha la malimau mapajani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ulimwenguni ni waenda kwa miguu na waendeshao baiskeli na pikipiki, kwa hiyo mimi na kijana yule tulikuwa wa kundi moja na tungestahili kuhurumiana. Bibi hakulijua kundi hilo. Alishuka kabla vespa haijatulia na kuniuliza mimi, niliyelala kwenye milia, kama sina macho.

Watu walikusanyika kwa kasi ambayo, lau ingetumika katika kazi za nchi, Tunguu kungekuwa na bandari. Swali la kwanza nililolisikia halikuwa “Umeumia?” bali lilikuwa “Kijana wa wapi huyu?” Mmoja aliinama kusoma kibao cha vespa, kana kwamba herufi Z, ambayo imo katika vibao vya Unguja na Pemba vilevile, ingemtajia kijiji. Mwingine alisema kwa uhakika kwamba ni Mpemba, kwa sababu Wapemba ndio wanaojua kupenya. Wa tatu, bila shaka kutoka upande wa Wete wa fikra, akasema kwamba huo ni mwendo wa Nungwi, wa watu waliozoea kukimbizana na watalii wa mapikipiki ya kukodi. Muuza madafu akasema hapana, huyu ametoka Bara, kwa sababu amesema “samahani, mzee” badala ya kuomba radhi kama watu. Kijana mwenyewe alikuwa bado hajasema lolote.

Kutoka asili tukahamia siasa, na hapo nikatambua kwamba nimesahauliwa kabisa. Bwana mmoja mwenye suruali ya kaki alisema serikali ndiyo ya kulaumiwa, kwa sababu hapa pangepaswa kuwa na tuta. Mwenziwe akamjibu kwamba serikali ndiyo ya kushukuriwa, kwa sababu zamani mahali hapa palikuwa na mashimo na vespa isingeweza kupata mwendo ule hata ingesukumwa. Kwa hesabu hiyo, kifundo changu kilikuwa kimegongwa na maendeleo. Walibishana juu ya kichwa changu, mmoja amesimama kulia na mwingine kushoto, na katikati paka wa sokoni alikuwa ameshamkaribia changu.

Askari wa usalama barabarani akafika, akatoa daftari lake, akauliza: “Majeruhi wangapi?”

“Mmoja,” nikasema, nikijaribu kukaa kwa heshima.

“Waliofariki?”

Watu wote wakamtazama changu. Nilieleza kwamba marehemu yupo, lakini alifariki jana, baharini, kwa sababu nyingine. Askari hakucheka. Aliuliza kama aandike, na akatufahamisha kwa ukarimu maana ya kuandika, yaani kwenda kituoni sote, vespa kuzuiwa, mimi kuchukua fomu ya polisi ya PF3 na kuipeleka hospitali na kuirejesha, na bibi kutoa maelezo. Nilikuwa tayari, nawaapieni. Nilikuwa nimetetea takwimu usiku kucha, na sasa ilikuwa zamu yangu kuingia katika takwimu hizo. Nilifungua kinywa kusema “Andika”.

Bibi akanitangulia. “Hebu kwanza. Wewe mtoto wa nani?”

Nikamtajia baba yangu. Akanitaka nimtaje babu. Nikamtaja. Akataka kujua nimeoa wapi, na nilipomwambia, akaliweka chini pakacha la malimau na kujishika kiuno. Ikabainika kwamba shangazi wa mke wangu aliolewa Makunduchi na ndugu wa mume wa kwanza wa bibi huyo, na kwamba yeye bibi alihudhuria harusi yangu na kunivisha asumini shingoni. Kijana aliyenigonga, kwa hiyo, ni mjukuu wangu. Akaamrishwa anishike mkono na anipe shikamoo, akaitoa, nami, mguu unaniwaka moto, nikaitikia marahaba. Watu wakafurahi. Bwana wa kaki na mwenziwe wakapatana kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, wakasema kwa sauti moja: “Haya, yamalizeni.” Askari akafunga daftari haraka kama mwenye duka aliyeona wingu la mvua. Nilipouliza habari ya changu, bibi alinitazama kwa masikitiko na kuniuliza kama kweli babu anaweza kumdai mjukuu wake samaki.

Kwa hiyo, leo asubuhi, Darajani, Mkoa wa Mjini Magharibi, hapakutokea ajali. Ninapokaa hapa na beseni langu najiuliza ni ngapi zisizotokea namna hiyo huko Pemba, ambako mtu hawezi kutoka Chake hadi Mkoani akagonga mgongo usiokuwa wa shemeji yake, na nashuku kwamba jedwali lile halihesabu madereva wabaya bali linahesabu wageni waliogongana kabla hawajaulizana baba zao. Adabu ya mzee wa Wete huenda ni ukoo tu. Sitamwambia leo, kwa sababu atauliza mguu umefanya nini.

Mke wangu ameniuliza tangu niingie. Wageni ni jamaa zake wa Mkoani, boti imeshafunga gati, na yeye amesimama mlangoni na mbuzi ya nazi mkononi, akikitazama kikapu. “Watu watatu, changu wawili,” amesema. Nimemweleza kwa utulivu, kwa lugha ya Maalim, kwamba kwa wastani kila mgeni atapata theluthi mbili za changu, jambo ambalo katika nchi nyingi lingehesabiwa kuwa ni neema.

Ameniuliza huo wastani unapewa nani kichwa.