Sikuzunguka mara kumi

Kwa kuwa sahibu yangu keshawahadithia kuwa nilizunguka na gari kiplefti cha Michenzani, Unguja, mara kumi bila ya kutoka, na yule chumvi hatii kwa kijiko, acheni niseme mwenyewe. Mara kumi ni uongo. Zilikuwa sita.

Morris Minor ya marehemu babu, ya 1962, mnaijua. Klachi yake ni ya vyuma na vijiti. Bushi za maungio yake zimelika, ukikanyaga inalia kama mlango wa banda. Fundi kanambia nitie bushi mpya, basi. Mie nikataka makubwa: klachi ya mafuta! Masta silinda ya kusukuma mafuta, mpira wa kuyapitisha, slevu ya kuyapokea pembeni ya giaboksi. Siku mbili nimelala chini ya gari. Kutoa hewa kwenye mafuta nikamwachia mdogo wangu apampu pedali, naye anapampu jicho liko kwenye simu. Mafuta hayabanwi, hewa hubanwa; ikibaki ndani, pedali inashuka bure. Hilo nililijua. Kulijua hakukunisaidia.

Ijumaa shangazi kakaa nyuma, sufuria la mchuzi wa pweza mapajani, twende shughulini Amani. Kiplefti cha Michenzani nikaingia na gia namba mbili. Nikakanyaga klachi. Pedali ikashuka. Taratibu, laini, kama mguu kwenye tope la mikoko, ikatua chini ikalala. Nikaichota kwa ncha ya kiatu, ikaja. Nikakanyaga tena, ikalala tena. Klachi haiachii, navuta gia, imeng'ang'ania. Kushoto daladala, nyuma Vespa. Nikapinda na mnara.

Mzunguko wa pili: "Mwanangu, mnara huu si tumeupita?"

"Kuna foleni, shangazi."

Wa tatu akaanza kusoma Yasini. Wa nne watu wa maghorofani washatoka madirishani. Wa tano utingo wa daladala ananihesabia kwa sauti, abiria wanaitikia. Nami, sijui kwa nini, nikampungia mkono. Wa sita nikazima ufunguo. Gari ikaruka kama mbuzi, mchuzi ukanishukia kisogoni. Wa moto, jamani. Una pilipili.

(Mnaouliza kwa nini sikuzima mapema: fundi naye kaniuliza. Kasema ningeachia akseleta tu nikavuta, gia ingetoka yenyewe. Mguu wangu wa kulia ulikuwa na hofu zake, hausikii.)

Vijana wakasukuma, shangazi akapanda teksi, vijiti vya babu vimerudi na bushi mpya. Jana napita Darajani kwa miguu, yule utingo kaniona, kapiga bodi la daladala: "Saba! Bado ya saba!"