Mwaka wa Nne Usiguswe Ovyo

Mwaka 2029 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi (CBC) nchini Kenya wataingia chuo kikuu, na kwa mpangilio wa 2-6-3-3-3 (miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo kikuu) shahada nyingi zitakuwa za miaka mitatu badala ya minne. Wapo wanaoona huo ndio wasaa wa kuyafuta madaraja ya shahada pia: fasti klasi, sekondi apa, sekondi loa na pasi.

Hoja yao ina uzito. Katika vyuo vyetu vingi, alama 60 ni sekondi apa na 59 ni sekondi loa. Mwenye 60 hupokelewa uzamili moja kwa moja, mwenzake huambiwa kwanza akatafute uzoefu kazini. Waajiri nao hulitumia daraja kama chekecheke ya kupunguzia barua za maombi. Daraja tupu kwa kweli halisemi mengi.

Lakini shahada hii ya madaraja tuliyoirithi kutoka Uingereza ililenga kumfanya mwanafunzi azame katika somo moja, na kwetu uzamaji huo umebaki katika mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton yuko Njoro, ambako ngano kutoka nchi nyingi hupimwa dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu. Wa Chuo Kikuu cha Maseno anaweza kuingia mashamba ya Siaya yaliyovamiwa na kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Huko hakuna karatasi za mitihani iliyopita za kukariri. Anauliza swali lake, msimamizi analirudisha, analiandika upya, kisha takwimu zinakataa alichotarajia naye lazima aeleze kwa nini. Kwa wengi hiyo ndiyo nafasi pekee ya utafiti watakayopata maishani.

Na kazi hiyo haiharakishwi. Kayongo hukaa chini ya udongo wiki kadhaa ikinyonya kabla ya kuchomoza. Asiyepewa msimu mzima, tangu mvua za Machi hadi mavuno, hana alichopima. Chuo kikibanwa kwenye miaka mitatu, mihadhara itabaki kwa sababu mhadhiri mmoja hufundisha mamia kwa saa moja. Mradi humtaka akae na mmoja mmoja. Nahofia ndio utakaokatwa kwanza. Ni kweli ipo miradi inayoandikwa saiba, kwenye vibanda vya intaneti, kwa malipo, ila dawa yake ni usimamizi wa karibu zaidi.

Afrika Kusini hutoa shahada ya miaka mitatu, halafu mwaka mmoja wa ziada wa utafiti kwa anayetaka. Tungeweza kufuata njia hiyo, na uzamili uangalie ubora wa mradi badala ya alama 59 au 60. Mwaka huo usipoingizwa kwenye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, hata hivyo, utakuwa wa watoto wa wenye uwezo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipaswa kuwa tayari inaujadili na wazazi wa Kisumu na Bungoma, si kuungoja 2029.